LUTENI WA KALEWA

SEHEMU YA KWANZA

Mwalimu hakupanga foleni. Alipita katikati ya madereva wa malori waliokuwa wakisubiri picha za pasipoti, akaweka bahasha ya kaki juu ya kaunta na kunikazia macho.

"Fundi, hii ni ya Jumamosi. Tunajengea kaburi la Babu. Marumaru zimeshafika kutoka Mbeya, padri amekubali, ukoo wote unakuja, wa Mbozi, wa Momba, mpaka wale wa upande wa Zambia. Imebaki picha ya kuweka kwenye msalaba."

Ilikuwa Jumatano. Foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma kuelekea Mpemba, mengine yakisubiri kuvuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, mengine yametoka Kongo na shaba yakielekea bandari ya Dar es Salaam, na studio yangu hapa Sogea, Tunduma, haikuwa na nafasi ya kugeuka. Lakini kaburi ni kaburi. Niliacha kila kitu, nikafungua bahasha.

Picha ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, imegeuka rangi ya chai kwa uzee. Kijana mrefu amesimama wima mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kofia ya kijeshi imekaa sawasawa, shati limepigwa pasi likapigika, kifimbo kiko chini ya kwapa. Hatabasamu, ila macho yake yana furaha ambayo ameshindwa kuificha. Nyuma, kwa wino wa bluu, kulikuwa na neno moja tu: Kalewa.

"Huyu ndiye Babu?"

"Ndiye. Uandike jina lake, halafu chini yake: Afisa wa Keya, Burma 1944."

Keya ndilo jina ambalo wazee wetu waliwapa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililochukua vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland.

"Afisa wa cheo gani, Mwalimu? Marumaru haifutiki."

Alisita. "Sisi tumekua tukisikia ni afisa, basi. Bibi hapendi kuulizwa. Baba naye anajua hayohayo tunayoyajua sisi."

Akaondoka kuwahi kipindi. Nikabaki na kijana wa watu mkononi.

Niseme jambo hapa kabla sijaendelea. Mpaka huu umepitiwa na vita vya watu wengine mara nyingi kuliko vitabu vya shule vinavyosema. Mwanzoni mwa Novemba 1918 majeshi ya Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yaliishambulia Fife, hapo ng'ambo tu, yakaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 mwezi huohuo yakaweka silaha chini kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Vita vya pili vilipoanza, misafara ya magari ya jeshi ilitoka Rhodesia ya Kaskazini ikapita barabara hii hii ya Tunduma kwenda Kenya, na vijana wetu wakapanda. Ndiyo maana nyumba nyingi za Songwe zina picha ya mtu aliyevaa magwanda. Inatunzwa kwenye sanduku pamoja na hati ya shamba na kadi za kliniki, inapanguswa vumbi kila Pasaka, na hakuna aliyewahi kuandika nyuma yake huyo ni nani. Jambo hilo linaniuma kila siku ya kazi yangu. Picha isiyo na jina inarithiwa na yeyote mwenye hadithi.

Usiku, wateja walipokwisha, niliipitisha kwenye skana na kuikuza kwenye kompyuta. Nilianza na mikunjo, nikaondoa madoa ya ukungu shavuni, nikafika mabegani. Pale ambapo jicho la kawaida lilikuwa likiona mng'ao tu, palitokea nyota. Mbili kila bega.

Nikashuka kifuani. Nilitegemea kukuta juu ya mfuko wa kushoto tepe za nishani, kwa sababu picha za askari waliotoka Burma ninazozirekebisha huwa nazo. Kifua kilikuwa kitupu.

Halafu nikaona kile ambacho Mwalimu hakukitaja. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa umekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka, wa makusudi. Kulikuwa na mtu mwingine hapo. Mwili wake wote ulikuwa umeondoka, isipokuwa vidole vinne vilivyobaki vimeshika bega la yule kijana.

Nililitafuta lile neno la nyuma kwenye simu yangu. Kalewa ni mji wa Burma, kando ya mto Chindwin. Mwaka 1944, katikati ya mvua za masika ya kule, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani kwenye matope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa. Hapo wahandisi walitandika juu ya mto daraja la chuma la zaidi ya mita 350. Ndani ya divisheni hiyo mlikuwa na Watanganyika, na mlikuwa pia na batalioni ya kwanza ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani ndugu wa pande zote mbili za mpaka wetu wakipigana bega kwa bega.

Kwa hiyo familia ilikuwa inasema kweli. Neno la nyuma ya picha lilikubaliana na simulizi yao. Lakini nyota zile zilinikosesha usingizi.

Alhamisi asubuhi nilipanda Hiace kwenda Vwawa. Pale Ichenjezya anaishi mzee mmoja mstaafu wa Jeshi la Wananchi, aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Vijana wa mtaa wanamwita Sajini, na wanapotaka kujua lolote la jeshi wanakwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja na nini kwenye bahasha?"

Nilimpa picha ya asili pamoja na ile niliyoikuza. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani. Alianza kuisoma kuanzia juu kwenda chini, polepole, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mabegani akasimama.

"Nani amekwambia huyu alipigana Burma?"

"Familia yake, mzee. Kesho kutwa wanaweka picha yake kaburini."

"Hizi ni nyota mbili. Huyu ni luteni." Akaishusha picha magotini. "Mwanangu, mwaka 1944 Keya haikuwa na ofisa Mwafrika hata mmoja. Maofisa wote walikuwa Wazungu. Mtu wetu angepigana kama simba, angeokoa kikosi kizima, mwisho wake ni usajini meja. Nyota mabegani mwa Mwafrika zilikuja jua la ukoloni likiwa linazama."

"Pengine alizipata baadaye, baada ya vita."

"Basi tepe za Burma ziko wapi? Askari haachi nishani zake nyumbani siku ya kupiga picha ya cheo. Na mtazame huyu, hajafika miaka ishirini na mitano. Aliyepigana 1944 angekuwa mtu mzima wakati nyota hizi zinatolewa."

Sikuwa na jibu, nikashika silaha yangu ya mwisho. Nikaigeuza picha, nikamwonyesha wino wa bluu.

"Lakini mzee, imeandikwa Kalewa. Kalewa iko Burma, nimehakikisha."

Mzee alilisoma neno lile. Akalisoma tena. Akavua miwani, na mkono ulioishika ulikuwa unatetemeka.

"Hiyo ya Burma naijua kwa kuhadithiwa," alisema. "Kuna Kalewa nyingine, mwanangu. Hiyo nimelala ndani yake, na haiko mbali kiasi hicho."

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Fundi wa picha wa Tunduma amepewa picha ya afisa wa jeshi iwekwe kwenye kaburi la Babu, anayesemwa alipigana Burma. Mzee Sajini wa Vwawa amegundua kwamba aliye pichani ni luteni, na kwamba neno "Kalewa" lina siri. SASA ENDELEA...

"Tabora," alisema Mzee Sajini. "Kalewa ni kambi ya Tabora."

Akaniambia kwa utaratibu, kidole kikigonga meza kila alipotaja mwaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, batalioni za Keya zilizokuwa kwetu zilibadilishwa jina zikawa Tanganyika Rifles. Batalioni ya kwanza ilikaa Dar es Salaam, kambi ya Colito, iliyopewa jina la mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941. Ndiyo Lugalo ya leo. Batalioni ya pili ilikaa Tabora, kambi ya Kalewa, iliyopewa jina la ule mji wa Burma. Waingereza waliandika vita vyao kwenye mageti ya kambi zetu.

"Kwa hiyo huyu kijana alipiga picha Tabora, baada ya 1961."

"Na kabla ya mwisho wa Januari 1964," alijibu.

Alipotaja mwezi huo sauti yake ilishuka. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara ipande, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku iliyofuata moto ukafika Kalewa. Tarehe 25, kwa ombi la Mwalimu Nyerere, makomando wa majini wa Uingereza waliteremka Colito kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, maasi yakazimwa. Jeshi lote likavunjwa. Baadhi ya walioasi walishtakiwa wakafungwa, wengi wakarudishwa makwao, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mrisho Sarakikya.

"Mimi ni wa hilo jeshi jipya," alisema. "Nilipelekwa Tabora, nikalala kwenye kitanda cha mtu nisiyemjua. Chini ya godoro nilikuta kipande cha sabuni na barua iliyoanzwa, haijamalizwa. Miaka yote hii najiuliza wale watu walikwenda wapi. Si wote walioasi, mwanangu. Wengine walikuwa maofisa wetu wachache wa kwanza, vijana wadogo kabisa, wamebanwa katikati. Askari hawawaamini kwa sababu wana nyota za Mwingereza, na serikali haijui kama walikuwa upande wake."

Nilimwangalia kijana wa pichani, ile furaha aliyoshindwa kuificha. Wakati anapigwa ile picha hakujua lolote la mbele.

"Sasa nijibu wewe," Mzee Sajini akaniambia. "Kama huyu si wa Burma, aliyezikwa ni nani?"

Nilitoka nje, nikampigia Mwalimu. Nilimuuliza kwa uangalifu kama Babu alikuwa na nishani.

"Ipo! Nyota ya shaba, iko kwenye sanduku la Bibi. Tulikuwa tunaichezea utotoni."

"Na mwilini, Babu alikuwa na alama yoyote?"

"Kidole. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa hakina ncha. Kiliondoka Burma. Sisi wajukuu tulikuwa tunamwomba atuonyeshe kila Jumapili. Kwa nini unauliza, Fundi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaitoa ile picha niliyoikuza. Kijana mwenye nyota alikuwa ameshika kifimbo kwa mkono wa kulia, na vidole vyake vyote vilikuwa kamili. Nikahamia begani kwake, kwenye vile vidole vinne vya mtu aliyekatwa. Cha kwanza kizima. Cha pili, kile cha kati, kimeishia kwenye pingili ya juu, butu.

Babu alikuwa pichani kweli. Alikuwa ni yule aliyeondolewa kwa mkasi.

Ijumaa nilifika Igamba kabla ya saa sita. Nyumba ya Bibi iko katikati ya mibuni, na uani palikuwa na turubai, masufuria ya kukodi, akina mama wakichambua mchele. Pembeni, kwenye kaburi, mafundi walikuwa wanamalizia saruji, na aliyewasimamia, mwiko mkononi, alikuwa baba yake Mwalimu. Watu wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu anaongoza chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa.

"Karibu, Fundi! Umeileta picha?"

Aligeuza kichwa kuita kijana anipokee begi, na nikaliona sikio lake. Kazi yangu imenifundisha kuyatazama masikio. Uso unanenepa, nywele zinakwisha, meno yanaondoka, lakini mikunjo ya sikio haibadiliki, na ndiyo sababu wapelelezi hulitazama sikio wanapolinganisha picha mbili. La Mwenyekiti lilikuwa limeshikana na shavu kwa chini, bila ncha inayoning'inia, na juu lilikuwa na kona kali. Nilikuwa nimelala na sikio hilo usiku mbili, kwenye kompyuta.

"Mzee, samahani, ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na nne, mwezi wa nane. Kwa nini?"

"Ni ya maandishi tu. Naomba kwanza nimsalimie Bibi."

Bibi alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, khanga mabegani. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda. Sikuwa na njia nzuri ya kuanza. Nikaiweka picha mapajani mwake.

"Bibi, nimekuja kukuomba, kabla sijaandika jina chini ya uso huu."

Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Funga mlango, mjukuu wangu."

Nikaufunga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mzee mmoja wa Vwawa. Anajua cheo, hajui mtu."

Akatikisa kichwa. "Walikuwa wawili, baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa alichukuliwa na Keya, akaenda Burma, akarudi na kidole pungufu na ile nyota ya shaba. Mdogo wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mkubwa ndiye aliyemsomesha kwa fedha ya kahawa, mpaka mdogo naye akaingia jeshini, akapata nyota mbili ambazo mkubwa wake hakuruhusiwa kuziota. Mkubwa akafunga safari mpaka Tabora kwenda kuziona kwa macho yake. Ndipo walipopiga hiyo picha. Alilia, aliniambia baadaye. Alimshika bega akalia."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nilikuwa mke wa huyo mwenye nyota."

Nje mwiko uliendelea kukwaruza saruji.

"Januari ile redio ilisema jeshi limeasi. Tukakaa, hakuna barua. Halafu usiku mmoja akafika hapa, amevaa nguo za kiraia. Hakulala. Aliongea na kaka yake huko kwenye mibuni, mimi nikasikia sauti tu. Alfajiri akavuka Tunduma. Ng'ambo wakati huo bado palikuwa pa Mwingereza, Rhodesia ya Kaskazini, uhuru wao ulikuja Oktoba. Nilikuwa na mimba changa. Wazee walikaa kikao, wakasema ili ukoo usiulizwe maswali, huyu amekufa. Tukaweka matanga bila maiti. Nilinyolewa nywele, mjukuu wangu. Kisha kaka yake akanirithi, kwa mila. Alinitunza vizuri, sitamsema vibaya mpaka naingia kaburini. Jina la yule mwingine halijatajwa ndani ya nyumba hii tangu siku hiyo."

"Na aliyeikata picha?"

"Mkasi niliushika mimi. Sikuweza kuwatazama wote wawili kila asubuhi. Wa kuishi naye nilikuwa naye. Nikambakiza asiyekuwepo."

Watoto walizaliwa, wakakua, wakaikuta picha moja ya mwanajeshi na simulizi moja ya Burma, wakaziunganisha. Hakuna aliyewadanganya. Hakuna aliyewarekebisha.

"Bibi," nilisema taratibu, "siwezi kuweka sura hii juu ya kaburi la mwingine. Lakini ukinipa ruhusa, nitaandika majina yote mawili. Hata huyu naye ni marehemu wenu, anastahili..."

Alinikatiza kwa kuninyanyulia mkono.

"Mwaka 1973 reli ya Wachina ilipofika Tunduma, watu wote tulikwenda kushangaa. Nilikwenda na huyo mwanangu unayemsikia hapo nje, ana miaka tisa, nimemshika mkono. Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na wafanyakazi wa Zambia wamevaa kofia za kazi. Mmoja alivua ya kwake."

Nilihisi mwili unasisimka.

"Picha ya mtu aliye hai haiwekwi juu ya kaburi, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Yuko Nakonde. Ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia, miguu bado inamtii. Jana jioni amenipigia simu. Amesikia kaka yake anajengewa, na amesema kesho anavuka."

Nilikuwa bado natafuta neno la kusema nilipotambua kwamba ule mkwaruzo wa mwiko umenyamaza muda mrefu. Mlango niliokuwa nimeufunga ulisukumwa taratibu. Mwenyekiti alikuwa amesimama kizingitini, saruji imemkaukia mikononi, na hakunitazama mimi wala picha.

"Mama," aliuliza, "ni nani anayevuka kesho?"

ITAENDELEA

Je, Bibi atamjibu nini mwanawe, na luteni wa Kalewa alimwambia nini kaka yake kwenye mibuni usiku ule wa 1964? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.